Chokaa ya Kibwana Mwishehe

Kibwana Mwishehe alikuwa na ugonjwa mmoja: aliijua kazi yake vizuri mno. Alizaliwa katika vilima vya Kisarawe, lakini alipobalehe alipelekwa Mbwamaji kwa mchoma chokaa, na huko pwani akajifunza kuvunja matumbawe, kupanga magogo duara, kuwasha tanuri, kuizima chokaa kwa maji na mwisho kuilaza shimoni. Hili la kuilaza ndilo fundi wake aliloliimba kuliko yote. Chokaa isiyolala si chokaa, alikuwa akisema, ni vumbi la kumpakia adui. Unaifukia shimoni na maji yake, unaifunika kwa makuti na mchanga, unaiacha miezi mpaka iwe laini kama samli. Mwenye haraka akachome mahindi.

Basi Kibwana akaoa Magindu, akamfuata mkewe Biubwa hukohuko bara, wakati wa Mwingereza, na ufundi wake wote ukawa hauna kazi. Magindu ina mtama, ina mbuzi, ina treni ya kupita ikipiga honi. Matumbawe haina. Shemeji zake wakawa wanamwita Bwana Pwani, kwa mzaha ambao kila mwaka ulipungua utamu. Mtu anayeishi ukweni bila kitu cha kuonyesha hula chakula chake ameinamisha kichwa, hata kama amekilima mwenyewe.

Siku moja alikuwa anafyeka shamba jipya kando ya korongo, jembe likagonga jiwe. Akalifukua, akalipindua, akabaki amechuchumaa. Lilijaa makombe. Kulikuwa na chaza, kulikuwa na konokono waliojikunja kama pembe za kondoo dume, mmoja mkubwa kama sinia, wote wamegeuka jiwe ndani ya jiwe. Wenyeji waliwajua siku zote. Wazee walisema ni mabaki ya gharika ya Nabii Nuhu, na wanawake waliwaweka wale wadogo juu ya mifuniko ya vyungu ili paka asifunue. Lakini Kibwana aliona kitu kingine. Penye makombe pana bahari, na penye jiwe la bahari pana chokaa ileile ya Mbwamaji. Hapo ndipo alipokosea, ila nitajie mtu wa pwani ambaye asingekosea.

Ijumaa ile, baada ya sala, akasimama mbele ya watu. Msikiti wa Magindu ulikuwa wa miti na udongo mwekundu, na kila masika ukuta wa upande wa mvua uliyeyuka, watu wakakandika upya. Kibwana akasema: nipeni kuni, nitawapa msikiti mweupe usioyeyuka.

"Neno hilo umelisema ndani ya nyumba ya Mungu," Mwalimu Husseini, imamu wao, akamwambia. "Umelipima?"

"Nimelipima, Mwalimu."

Hapo ndipo alipoweka jina lake rehani. Salumu, kaka yake Biubwa, akawaongoza vijana kukata migunga, na ukijua miiba ya mgunga utajua kwamba kazi ile haikuwa ya mzaha. Wakavunja mawe ya korongo, wakayapandisha juu ya magogo. Tanuri likawaka usiku na mchana, makombe yakapasuka kwa mlio, na jiwe la kijivu likatoka jeupe. Karibu jeupe. Kulikuwa na umanjano kidogo, na lilipomwagiwa maji halikufoka kama matumbawe, lilinung'unika tu. Kibwana akaona, akajifanya hakuona. Akaimwaga shimoni, akaijaza maji, akaifunika. Watu wakamuuliza lini. Akawajibu kwa kiburi cha fundi: subira huvuta heri.

Mfungo wa Ramadhani ulipokwisha wakafunua. Kibwana akachota kwa jembe. Jembe likalia *ngwe!* na kurudi nyuma. Shimo zima lilikuwa limegeuka jiwe, bapa moja gumu lililoshika umbo la shimo, na ndani yake makuti mawili yaliyozama yamenaswa kama panya kwenye mtego.

Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Akasema maji yalikuwa machache. Watu wakanuna, lakini wakakata tena migunga, na mara hii alimwaga maji mpaka chokaa ikaogelea. Ikaganda vilevile, pole pole zaidi, kwa dharau zaidi. Mvua za vuli zilipokuja, shimo lile likajaa maji juu ya bapa wala halikuvuja hata tone. Vyura wakahamia humo. Usiku Kibwana aliwasikia kutoka kitandani kwake, akaamini wanamsema yeye.

Ndipo akashuka Mzungu mmoja kwenye treni ya mizigo, mtu wa serikali wa kupima miamba, mwenye nyundo ndogo na Kiswahili cha kutosha. Alizunguka korongoni akiwabusu wale konokono kwa macho, akiwafunga kwenye magunia na nyasi kavu kama mayai. Kibwana akamwendea, maana mtu aliyekwama humuuliza hata mpita njia.

"Bwana, hapa palikuwa bahari?"

"Palikuwa bahari," Mzungu akasema. "Zamani sana, kabla ya mtu yeyote. Lakini si matumbawe haya, fundi. Ni matope ya chini ya bahari, yameshuka kidogo kidogo yakawa jiwe. Makombe yamo ndani yake kama kunde ndani ya wali."

"Na chokaa yake, kwa nini inakufa shimoni?"

Mzungu akaukuna utosi wake. Akasema kazi yake ni kujua jiwe lina umri gani. La kuta hakusomea. Akapanda treni na magunia yake. Kibwana akarudi nyumbani amekasirika mara mbili. Wali gani, kunde gani! Mtu hajawahi kuwasha hata tanuri la kuchomea mihogo, anakuja kumfundisha jiwe. Matope, bahari, yeye alisikia bahari tu. Akaamua kosa ni la muda: jiwe la zamani kiasi hicho, lazima lilale zaidi.

Sitasimulia sana habari za tanuri la tatu. Salumu na vijana wake walikata kuni kimya, na ukimya wa shemeji ni mzito kuliko gogo. Chokaa ikalala kuanzia vuli mpaka masika yakaisha. Ilipofunuliwa, Kibwana hakuwa na haja ya jembe. Aliigonga kwa kifundo cha kidole, akasikia mlio wa jiwe.

"Shemeji," Salumu akasema, na hakumwita Bwana Pwani, "kuni zimekwisha."

Zilikuwepo kuni. Kila mtu alielewa kilichokwisha ni nini.

Toka siku ile neno chokaa likawa haramu nyumbani kwake. Swaumu, binti yao, alilitaja mara moja akitafuta ya kupaka kizingiti, akapigwa kwa kata ya maji. Kibwana akalima mtama, akafuga mbuzi, akasali safu ya nyuma karibu na mlango ili awe wa kwanza kutoka. Miaka ikapita hivyo, na hasira yake haikupoa. Ilikaa tu, na alipokuwa peke yake shambani aliitukana miamba ya korongo kwa sauti.

Kisha yakaja masika mabaya. Mvua ilinyesha bila kupumzika, nyumba zikavuliwa udongo zikabaki mbavu za miti, na alfajiri moja ukuta wa msikiti ukalala chini. Kulipopambazuka Kibwana akazunguka kukagua nyumba yake mwenyewe. Nyuma ya jiko, mahali ambapo mwanamume hana shughuli, akasimama. Udongo mwekundu ulikuwa umeoshwa wote. Chini yake ukuta ulikuwa mzima, wa rangi ya maziwa yaliyoingia moshi, haukupasuka mahali popote. Akaupiga kwa ubapa wa panga. Akaupiga kwa makali. Panga likateleza.

"Mama Swaumu!"

Biubwa akatoka na unga mikononi.

"Umekandika nini hapa?"

Mkewe akamtazama usoni kwanza, apime hali ya hewa. "Chokaa yako, baba Swaumu. Ile ya tanuri la kwanza. Nilizoa iliyomwagika, jioni ileile mliyoizima, nikaichanganya na mchanga nikasiriba. Moshi ulikuwa unanimaliza, na mvua inaingia."

"Jioni ileile? Haikulala?"

"Ilale wapi? Nilikuwa na ugali motoni."

"Na huu udongo mwekundu juu yake?"

"Niliupaka baadaye, shimo la kwanza lilipokufa. Usije ukauona ukuta ukakumbuka shimo lako."

Kibwana akashika ukuta kwa viganja vyote viwili. Kwa hiyo chokaa ilikuwa nzima, ila matope yale ya Mzungu yaliifanya igande upesi, hata majini. Mara zote tatu ilikuwa nzima, imetoka motoni tayari kwa kazi, na yeye, kwa mikono yake, kwa subira yake aliyojisifia, ameifukia ikafie shimoni. "Ungeniambia," akasema.

"Wewe ulikuwa unaambiwa?" Biubwa akajibu, bila ukali. "Mwanangu alipigwa kwa kulitaja tu."

Kibwana hakungoja neno jingine. Alikimbia kwenda msikitini, kikoi kimeloa, matope magotini. Wanaume walikuwa wamekusanyika kwenye ukuta ulioanguka, wengine wanakanyaga udongo kwa miguu, wengine wanarudisha fito. Mwalimu Husseini, ambaye sasa alitembelea mkongojo, alisimama pembeni. Salumu alikuwa na ndevu nyeupe.

"Sikilizeni," Kibwana akasema, anahema. "Nimejua. Chokaa ya hapa hailazwi, ilikuwa—"

Kazi ikasimama. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Salumu akalitazama lile rundo la udongo, akamtazama Kibwana kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomkata maini.

"Shemeji," akasema polepole, "shika upande ule. Mvua inarudi."

Kibwana akapandisha kikoi, akaingia kwenye udongo mwekundu pamoja na wenzake, akaanza kukanyaga.