Kipande cha Baridi Chumbani kwa Bunrye

Nyumba ya Bunrye, kule milimani Jeongseon, Korea, ilipashwa moto kutoka chini. Kuni ziliwashwa jikoni, moshi ukapita chini ya sakafu ya chumba hadi kwenye bomba la nyuma, na mawe yakashika joto mpaka kukucha. Upande wa jikoni ndio uliokuwa wa moto kuliko kwingine, na hapo hukaa mkubwa wa nyumba. Mama mkwe wake alikaa hapo, akakaripia watu kutoka hapo, na hapo akafia. Baada yake pakawa pa mume wa Bunrye, mchimba makaa ya mawe. Akichelewa mgodini, bakuli lake la wali lilimngoja pale pale chini ya mfarishi, na alipolifunua lilifuka mvuke. Mume naye alipozikwa, Bunrye alivuta godoro lake hadi pale. Hakumwomba mtu. Zamu yake ilikuwa imefika.

Mwanawe wa pekee, Gyeongtae, anayeishi mjini Wonju, alikuwa akija kila vuli na wimbo mmoja.

"Mama, magoti hayo yatabeba kuni mpaka lini? Tuweke sakafu ya umeme."

"Magoti haya yamekubeba wewe. Kuni ni nini?"

"Mimi nilikuwa mwepesi."

"Mwepesi! Ulikuwa kama gunia la viazi, tena gunia halilii."

Wakacheka. Lakini vuli iliyopita Gyeongtae hakucheka. Alimshika mama yake mkono, kitu ambacho hakukifanya tangu alipoota ndevu, akasema, "Ni kwa ajili yako, mama. Nataka ubonyeze swichi tu upate joto. Nikijua una joto, nalala." Bunrye akalainika. Angemkatalia nini mtoto aliyesema hivyo?

Siku ya kupima chumba, Gyeongtae alikuja na mkewe Miran, mama yake Miran, na fundi Pyo. Bunrye alifurahi kuona nyumba imejaa. Aliwamenyea persimoni zilizoiva hadi kulegea, na yule mama mkwe wa mwanawe akala tatu, akasifu, akauliza kama jua la asubuhi huingia kwa dirisha lile.

"Huingia hadi ukutani," Bunrye akajibu kwa fahari. "Chumba hiki hakina mwenzake kijijini."

Kazi ilipoanza alilala kwa jirani yake Deokja. Mchana walicheza karata na wazee wenzao kwenye ukumbi wa kijiji, na huko alijisifu mpaka wakachoka.

"Sisi wengine tunaletewa machungwa na watoto," Deokja akasema. "Huyu analetewa umeme wa kuotea makalio!"

"Utaungua na wivu kabla sakafu haijaniunguza mimi," Bunrye akamjibu, akatupa karata yake.

Mawe ya kale yaling'olewa yakarundikwa uani. Kazi ilipokwisha, fundi Pyo alimwita, akamwonyesha swichi ukutani, akamwacha abonyeze mwenyewe. Kisha akatoka kufunga vifaa vyake. Bunrye akaburuta godoro hadi mahali pake, akalala chali kama bibi harusi, akangoja.

Akangoja sana. Akateremsha mkono kwenye sakafu. Baridi. Akatambaa hadi katikati ya chumba: moto. Mlangoni, moto. Chini ya dirisha, moto mzuri kabisa. Akarudi kwake, akapapasa pembezoni, na kiganja kikamwonyesha mpaka wazi kama wa shamba. Mahali pake peke yake palikuwa baridi.

"Fundi! Njoo. Umesahau kipande."

Pyo akaingia, akapiga goti, akagusa. "Sijasahau, bibi. Hapo ni pa kabati."

"Kabati gani? Langu liko ukuta ule tangu niolewe."

"Hilo si linaondoka? Hapa litakaa lile kubwa. Chini ya kabati hatutandiki nyaya. Joto likikosa pa kutokea, sakafu inaungua. Na kitanda kitakuwa pale dirishani, yule mama anasema mgongo wake hauwezi kulala chini."

"Mama gani?"

Pyo akatazama mikono yake. "Mama yake Miran. Nilidhani unajua, bibi. Walisema wewe unakwenda kwenye nyumba ya wazee mjini, kwa wauguzi."

Bunrye akamwambia aende salama, kazi yake ameifanya vizuri. Hakutaka mgeni amwone uso. Nyumba iliandikwa jina la Gyeongtae tangu baba yake alipozikwa, kama ilivyo desturi, kwa hiyo hapakuwa na pa kushtaki. Hilo alilijua. Lililomuuma ni lile jua la dirishani. Alikuwa amemwonyesha mwizi mlango, huku akimmenyea matunda.

Jumamosi lori likaja. Wapagazi wawili waliingia na kabati jeusi lenye maua yaliyonakshiwa kwa magamba ya chaza, wakalikuta godoro, na juu ya godoro Bunrye, amekaa wima, shali mabegani.

"Mama, sogea kidogo," Gyeongtae akasema. "Njoo huku kwenye joto."

"Huko ni kwa mama mkwe wako. Mimi nimekaa pangu."

"Nilitaka kukueleza. Miran hana ndugu, mama yake anaumwa. Kule mjini sakafu nzima ni ya moto, utapenda."

"Ulisema ni kwa ajili yangu."

Gyeongtae akawageukia wapagazi.

"Bosi, tuliweke wapi?" mpagazi mmoja akauliza, jasho likimtiririka. "Hapa katikati?"

"Katikati haiwezekani. Kuna nyaya."

"Sasa?"

Hapakuwa na "sasa". Mtoto wa Kikorea hambebi mama yake kama mzigo mbele ya watu, hata awe amemuuza tayari. Wakalirudisha kabati nje, wakalitua barazani kwenye umande ulioganda, wakaondoka.

Gyeongtae akabaki huko nje. Kupitia mlango wa karatasi Bunrye alimsikia akimpigia mkewe simu, kwa sauti ya chini.

"Hataki kutoka," alisema. "Tumpe wiki moja. Baridi itamtoa."