Petroli Yenye Subira

Nililijazia gari langu kuukuu petroli ya oktani ya juu, ile ya bei mbaya, nikiamini litapaa kwenye mlima wa Sekenke. Wapi! Lilijikongoja kama siku zote nyuma ya lori la alizeti, nami nikipiga honi na kufoka.

Shangazi, mwalimu wa kemia, alikuwa kando yangu. "Hii haikuzidishii nguvu," akasema. "Imezidi subira tu. Hata ikibanwa sana, haiwaki mpaka cheche iiwashe. Injini yako haibani hivyo. Petroli ya kawaida inaitosha."

Nikaondoa mkono kwenye honi. Mbele yangu, ndani ya chuma kile, moto ulikuwa ukiwaka maelfu ya mara kwa dakika, kila mwako kwa zamu yake. Aliyelipuka kabla ya wakati ni mimi.