Gari Lililohamia Ndani

Mthamini wa magari waliyemwita Mzee Kasoro hakuwahi kumiliki gari. Alikwenda kazini kwa baiskeli, na hata hiyo baiskeli, ukimuuliza, alikuwa tayari kukutajia upungufu wake kuanzia kengele hadi pedali. Watu walisema ni ubahili. Ukweli ni kwamba mtu aliyetumia miaka thelathini na moja akichungulia chini ya magari ya wenzake hupata shida kulipenda la kwake, kama vile daktari wa meno asivyofaidi sana watu wakimchekea.

Jina lilitokana na kazi. Kampuni za bima, mahakama na familia zilizofiwa zilimwita aseme gari fulani lina thamani gani, naye hakutaja bei mpaka apitie hatua zake. Kwanza aliliandika gari kama lilivyotoka kiwandani, zima, kila skrubu mahali pake. Kisha alianza kuzunguka. Kasoro taa ya kushoto. Kasoro kifuniko cha tangi. Kasoro zulia la dereva. Aliyasema kwa sauti huku akiandika, taratibu, kama mtu anayesoma majina ya marehemu, na wenye gari waliosimama kando walizidi kunywea kila neno lilipomtoka. Aliwahi kulithamini gari la baba mkwe wake kwa bei iliyowafanya wawili hao wasisalimiane misimu miwili ya mvua. Mkewe alimtetea kwa namna yake. "Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa," aliwaambia majirani, "alimhesabu vidole, vya mikono na vya miguu, mara mbili, ndipo akacheka. Huyu akikuambia kitu ni kizima, lala usingizi."

Aliyemwita safari hii alikuwa karani wa benki, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikaogopa kurudi. Baba yake, dereva wa wapima ardhi, alikuwa amefariki miezi minane nyuma. Aliacha mjane, nyumba ya vyumba vitatu, na gari la porini lililowahi kumbeba yeye na wapimaji juu ya milima na ndani ya matope. Ofisi ilipolistaafisha, dereva alilinunua kwenye mnada. Lilikuwa gari fupi, la turubai badala ya paa, lenye umri unaomzidi karani mwenyewe.

"Kuna mtu anakusanya magari ya zamani," karani alimweleza walipokuwa wakienda uani. "Atalinunua kwa bei utakayoandika wewe, habishani. Likiwa zima, na viungo vyake vya asili, anatoa pesa ndefu. Likiwa hivi lilivyo, sijui."

"Pesa za nini?"

Karani alinyoosha kidole juu. Mabati ya nyumba yalikuwa na kutu kiasi kwamba njiwa walitua pembeni tu, kwa tahadhari. "Mvua ikinyesha, mama analala na mabeseni. Nimepiga hesabu. Mabati sitini. Mshahara wangu unafika mabati matatu kwa mwezi, na mwezi ujao mawingu hayanisubiri."

Gari lilikuwa chini ya banda, limefunikwa turubai lake. Karani alilifunua, akageuza uso kama mtu anayemwonyesha mgeni jamaa asiyejua kuvaa. Boneti hakuna. Mlango wa kulia hakuna. Kiti kirefu cha mbele hakuna. Taa moja, vioo vyote viwili vya pembeni, usukani, hakuna.

"Mafundi," alisema karani. "Baba alikuwa mpole kupita kiasi, mzee. Kila fundi aliyekaribishwa hapa aliondoka na kitu chini ya kwapa. Mimi nimekua nikiwachukia mafundi. Mpaka leo nikiona mtu mwenye spana, navuka barabara."

Mzee Kasoro alichuchumaa, akaangaza tochi, akakaa hivyo muda ambao karani alitumia kuangalia saa mara tatu.

"Fundi mwizi huanza na kabureta," alisema hatimaye. "Kisha starta. Hapa kabureta ipo. Starta ipo. Pampu ya mafuta ipo, na hiyo peke yake ingemlisha mwizi mwezi mzima. Huyu wenu kachukua kiti."

"Labda alikuwa amechoka."

Mzee Kasoro hakucheka, ila aliitazama ile sura ya karani kwa heshima mpya. Akarudi pale kiti kilipokuwa. Matundu manne ya bolti hayakuwa matupu. Kila bolti ilikuwa imerudishwa kwenye tundu lake, ikapakwa grisi, ikazungushwa kwa mkono mara mbili tu, ya kutosha isidondoke. Akaenda kwenye bawaba za mlango: hali hiyo hiyo. Kwenye mhimili wa usukani, nati ilikuwa imefungwa kwa kitambaa kilichopakwa mafuta, na juu yake kipande cha mpira, kama mtu aliyemfunika mtoto.

Mwizi harudishi bolti kwenye tundu lake. Aliyefungua hapa alikuwa na nia ya kurudi. Mzee Kasoro alilijua hilo kwa uhakika aliokuwa nao katika mambo machache, lakini kwenye fomu hakukuwa na mahali pa kuliandika.

Simu ya karani ikalia; alikuwa ni mkusanyaji, anauliza. Karani akatoka barabarani kuzungumza, na mjane akatokea mlangoni. Alikuwa mama mfupi, mwenye khanga iliyofuliwa mpaka maandishi yakanyamaza.

"Ingia ndani, baba. Chai haisubiri gari."

Mzee Kasoro aliketi alipoonyeshwa, kwenye benchi lililofunikwa kitambaa cha maua, na benchi likamjibu. Makalio ya mthamini yana elimu yake. Springi tatu, ya katikati imechoka, upande wa dereva umelala kidogo. Aliinua ukingo wa kitambaa kwa kidole kimoja, akaona ngozi ya kijani iliyopauka, akaurudisha ukingo polepole kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chenye mtu.

Akainua macho. Taa ya sebuleni ilitundikwa ndani ya kikombe kikubwa cha bati kinachong'aa, chenye kingo za nikeli. Kioo alichojitazamia alipokwenda kunawa mikono kilikuwa cha duara, kidogo, kwenye mkono wa chuma. Mlango wa bafu la nje ulikuwa na kitasa cha kusukuma chini, na chini ya rangi ya bluu ulikuwa na rangi nyingine, ile ya gari la bandani. Jikoni, mtungi wa maji ulikaa juu ya rafu pana iliyobonyea kidogo katikati, mahali ambapo boneti ya gari hilo hubonyea kila mara, kwa sababu madereva wa porini hupenda kulia chakula juu yake.

Aliporudi, mjane alikuwa amekaa akimsubiri. Hakuuliza ameona nini.

"Hakuvichukua kwa mara moja," alisema. "Kila kimoja kina siku yake. Mimi nilipojifungua, niliomba kioo, nione nimebaki na nini. Hakukuwa na hela. Akatoka na bisibisi, akarudi na hicho. Akasema, ni cha kuazima tu, nikinunua kingine nakirudisha. Wakwe walipokuja, hatukuwa na viti. Wakakalia gari bila kujua, wakalisifu. Kila mwaka alisema mwaka huu analiunganisha, anipeleke kuona kule alikokuwa anafanya kazi."

"Kijana anajua?"

"Amekuta vipo. Mtoto haulizi kioo kilitoka wapi, anauliza chakula." Akakunja ncha ya khanga. "Kuna kimoja zaidi. Njoo."

Kando ya kitanda, ukutani, kwenye kimo cha kifua cha mtu aliyeketi, palifungwa usukani kwa skrubu sita na ubao mnene nyuma yake. Sehemu mbili za duara, kushoto na kulia, zilikuwa zimeng'aa kuliko nyingine.

"Mwaka wake wa mwisho miguu ilimkataa," alisema mjane. "Akaniambia, kalete usukani. Niliufungua mwenyewe, akinielekeza kwa kupiga kelele dirishani. Majirani walidhani tunagombana. Kijana alikuwa tawi la mbali, na akija, baba yake alimpokea sebuleni. Kila asubuhi alishika hapo na hapo, akasema, haya, tunaondoka. Anainuka. Siku nzuri alifika mpaka kwenye kiti."

Mzee Kasoro alikuwa na daftari mkononi na kalamu imefunguliwa. Aliifunga.

Walirudi sebuleni kupitia chumba cha kijana, ambamo kioo cha pili kilikuwa kimetundikwa. Mjane alivuta droo, akatoa bisibisi yenye mpini wa mbao, akaiweka mezani kati ya vikombe. "Basi vinarudi," alisema. "Mwanangu anataka paa, na anataka kwa ajili yangu. Mvua haitaniuliza kama kioo kilikuwa cha kuazima. Tuanze na kipi?"

"Na wewe unataka nini, dada?"

Alifikiri kama ambaye hajaulizwa swali hilo kwa muda, na chombo cha kujibia kimepotezwa mahali. "Nataka asipate hasara kwa ajili yangu," alisema, ambalo halikuwa jibu, na wote wawili walilijua hilo.

Karani akaingia, uso umechangamka. Akajitupa kwenye benchi. "Anauliza kasoro ni ngapi, mzee. Nimwambie ngapi?"

Sasa, watu wengine wangekohoa. Mzee Kasoro alikuwa na njia moja tu ya kufanya kazi, na hakujua kuikwepa hata pale alipotamani. Alifungua daftari, akaanza juu kabisa, kwa sauti ile ile.

"Kioo cha pembeni, kulia: kipo, karibu na karo. Cha kushoto: kipo, chumba cha kijana, kimepasuka pembeni. Taa ya mbele: ipo, juu yetu. Mlango: upo, bafuni. Boneti: ipo, chini ya mtungi. Kiti cha mbele: kipo. Umekikalia."

Karani alisimama kama aliyekalia kaa la moto. Akatazama benchi, akatazama taa, akamtazama mama yake, akarudi kwenye benchi. Ilikuwa ni kama kutazama mtu akisoma barua ndefu iliyoandikwa kwa samani.

"Mama. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Na wewe ndiye uliyekuwa unaruka juu yake mpaka springi ya katikati ikafa."

"Nimewatukana mafundi miaka ishirini."

"Wengine walistahili," alisema Mzee Kasoro, kwa ajili ya haki.

Karani akaketi tena, safari hii kwa uangalifu, ukingoni. Ukarani ulimrudia kabla ya mengine yote. "Vikirudishwa vyote, ni kiasi gani?"

Mzee Kasoro akataja bei. Ilitosha mabati sitini, mbao zake, misumari, fundi wa kuyapiga, na chenji ya kumnunulia fundi soda.

"Na lilivyo bandani?"

Akataja nyingine. Karani alipiga hesabu hewani kwa kidole. "Mabati kumi na nane."

"Na nusu."

"Ipi ndiyo bei ya kweli?"

"Zote. Inategemea gari linaishia wapi." Mzee Kasoro alisogeza kikombe upande, kama mtu anayepanga mezani jambo lililo na uzito. "Katika kazi yetu, kitu kikishafungwa kwenye nyumba, kikatumika humo, ni cha nyumba. Ripoti yangu itasema kipo wapi, sitaficha, na mnunuzi akitaka kusoma atasoma. Lakini mimi nimeitwa kuthamini gari. Nyumba sikuitwa kuithamini, na nawaambia mapema, nyumba hii ingenishinda."

Mjane alitazama sakafu. "Baba," alimwambia mwanawe kwa upole, "paa ni paa. Vitu ni vitu. Chukua bisibisi. Kuna kingine chumbani kwangu, mzee hajakusomea. Anza na hicho, maana ndicho kitanishinda mimi."

Karani akachukua bisibisi, akaenda. Mlango wa chumba ukabaki wazi kidogo. Waliobaki sebuleni walisikia hatua zikisimama ghafla. Halafu kitanda kikalia, kama kinavyolia mtu akiketi ukingoni.  Mjane alimwongezea mgeni chai juu ya chai ambayo hakuwa amekunywa, ikamwagika sahanini. Kisha skrubu ikasikika ikizunguka ndani ya mbao, polepole, mara moja, mara mbili, na mjane akafumba macho.

Karani alirudi na bisibisi peke yake. Mikunjo ya shati ilikuwa imepata ujasiri, na macho yake yalikuwa mekundu, jambo ambalo wote watatu walikubaliana kimya kimya kwamba ni vumbi.

"Skrubu ya chini ilikuwa imelegea," alisema. "Nimeikaza."

 Akaweka bisibisi mezani.

"Mabati kumi na nane yanafika wapi, mama?"

"Na nusu," alisema mama yake. Alihesabu kwa vidole, akiangalia dari, akiipitia nyumba yote akilini kama anayetandika vitanda. "Jikoni lote. Na upande ninaolala."

"Basi tuanze na huko. Kwingine nitafika kwa mshahara, matatu matatu. Andika, mzee, lile la bandani."

Mzee Kasoro akafungua kalamu. Aliandika bei ya chini, tarehe, jina lake na sahihi, kisha akarudi juu kujaza mahali kila kitu kilipo, kama alivyoahidi. Kwenye mstari wa usukani alisita kidogo. Ndipo akaandika, kwa mwandiko ule ule wa siku zote: *umefungwa ukutani, umekazwa leo.*