Namna ya Kumfikia Ngazi

Kibanda cha Baba Pacha kilikuwa na upana wa mlango mmoja, na dari yake ilikuwa sakafu ya ukumbi wa mazoezi ya ngumi na mateke. Miaka sita alishona soli za watu huku vishindo vikitetemesha makopo ya gundi juu ya rafu, na mwaka wa saba akapanda kwenda kuona kulikoni. Alipanda na kiatu cha mteja mkononi, akashuka na fomu. Mkewe alipoisoma alimuuliza kama kiatu nacho kimejiandikisha.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na minne, goti moja bovu, na mkanda wa bluu uliopauka. Mtihani wa mkanda wa kahawia ulikuwa umemshinda mara mbili. Klabu ile ilikuwa na sheria ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliitunga: ukianguka mtihani huo mara tatu, unavua mkanda, unafunga mweupe, na unaanza upya katika darasa la saa kumi. Hilo lilikuwa darasa la watoto. Na katika darasa hilo walikuwemo binti zake wawili, pacha wa miaka minane, ambao walishapanda kutoka mweupe kwenda wa njano.

"Baba, utasimama nyuma yetu," alisema Kulwa wakati wa chakula, bila ubaya wowote.

"Na ukiongea kwenye mstari tutakusemea," aliongeza Doto.

Mtihani wenyewe haukuwa na maneno mengi. Raundi mbili na mtu mmoja. Umfikie, umguse, utoke mzima. Mara tatu. Tabu ilikuwa huyo mtu. Alikuwa fundi wa kupaka rangi, kijana mpole, na aliitwa Ngazi kwa sababu dari nyingi alizipaka amesimama chini. Mguu wake ukinyooka, kati ya kifua chake na pua ya Baba Pacha palikuwa na uwanja mzima, na kila aliyejaribu kuuvuka alirudishwa na unyayo tumboni.

Namna ya kuuvuka alifundishwa na watu wawili, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kumwuma.

Wa kwanza alikuwa Kocha, mzee wa ngumi, mwenye masikio yaliyokunjamana kama ngozi iliyolowa. "Ngumi ndiyo inayobisha hodi," alisema. "Tanguliza ya kushoto, mguu uifuate. Miguu yote miwili iko chini. Hata akikusukuma, una mahali pa kukaa."

Baba Pacha aliona ni kweli tupu. Akashika hivyo wiki moja.

Wa pili alikuwa Shemeji, mdogo wa mkewe, aliyekuwa akifundisha mateke siku za Jumanne. "Shem, mguu wa yule unafika kifuani kwako ungali mbali," alisema. "Ukienda na ngumi utakula teke kabla hujanyoosha kiwiko. Tanguliza teke wewe. Na ukishapiga usiurudishe mguu ulikotoka, uangushe mbele. Teke lenyewe ndiyo hatua."

Nayo ilikuwa kweli tupu.

"Na Ngazi akikwepa?" Kocha aliuliza kutoka upande wa pili wa ukumbi, akijifanya anafunga kamba za glavu. "Huyu shemeji yako atabaki amesimama mguu mmoja kama korongo."

"Korongo anakula samaki, Kocha."

"Anawala. Hapigani nao."

Walicheka wote wawili, kisha wakamgeukia yeye, kila mmoja akisubiri aonyeshe. Baba Pacha akainua mguu wa kulia na mkono wa kushoto kwa wakati mmoja, akakaa chini kwa kishindo. Huko chini kwenye kibanda kopo la gundi lilianguka; alilisikia.

Tangu hapo hakulala vizuri wala kushona vizuri. Aliweka kisigino cha kulia kwenye kiatu cha kushoto cha mwalimu wa shule, akaambiwa, akakibandua, akakirudisha palepale. Akijiambia ngumi, alimsikia Shemeji. Akijiambia teke, alimwona korongo. Isitoshe alikuwa na kosa la kazi ambalo wote wawili walilipigia kelele: alitazama miguu ya watu. Kwenye pambano unatazama kifua, ndicho kinachotoa siri. Lakini mtu aliyekuwa akiwatambua wateja kwa viatu miaka ishirini, macho yake yalishuka yenyewe.

Siku ya mtihani alikuja Mkaguzi kutoka klabu nyingine, mama mnene mwenye miwani na kalamu mbili. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akasema, "Haya, anzeni, msinichoshe."

Raundi ya kwanza Baba Pacha alitanguliza ngumi, akarudishwa. Akatanguliza tena, akarudishwa tena. Kwa hasira akapiga teke, mguu ukaangukia mbele kama alivyofundishwa, na vidole vya mkono wake vikagusa mbavu za Ngazi. Moja. Shemeji alipiga makofi. Raundi ya pili, Ngazi akiwa bado anajipangusa jasho, Baba Pacha alibisha hodi kwa kushoto na akakaribishwa. Mbili. Kocha alipiga mluzi.

Kisha ikaja dakika ya mwisho, na kichwa kikawa cheupe. Teke lililipa, ngumi ililipa, sasa amwamini nani?

"Ngumi!" alipaza Kocha.

"Teke, shem, teke!"

Macho yakashuka. Kwenye ukucha wa kidole gumba cha Ngazi palikuwa na tone la rangi ya kijani, la dari ya nani sijui, na Baba Pacha akalitazama tu. Tone likapanda, likapita karibu na kiuno chake, likaanza kurudi chini. Naye akalifuata. Hakurusha kitu. Alitembea, kama mtu anayevuka chumba kwenda kufunga dirisha, na mguu wa Ngazi ulipogusa mkeka yeye alikuwa tayari kifuani kwake, kiganja wazi kimekaa juu ya moyo wa kijana. Wakatazamana. Ngazi akarudi nyuma hatua mbili, akatoka nje ya mstari.

Kengele ikalia. Ukumbi ukawa soko.

"Ile ni hatua ya ngumi! Miguu yote chini!"

"Kocha, acha hizo! Kafuata mguu unaorudi, hilo nimemfundisha mimi!"

"Kimya," alisema Mkaguzi. Aligeuza karatasi yake. "Hapa pana nafasi ya kuandika namna aliyoingilia. Mwenyewe aseme. Baba, ile ya tatu uliingia kwa ngumi au kwa teke?"

Neno moja tu lilitakiwa. Kocha alimtazama, Shemeji alimtazama, na mlangoni pacha walikuwa wamebana midomo kwa viganja. Angeweza kutaja lolote. Baba Pacha alitafuta kichwani, akarudia hatua zake moja moja, akakuta zipo lakini hazina jina.

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Nilikuwa huku. Kisha nikawa kule."

Mkaguzi alivua miwani. Alimtazama kwa muda, jinsi mtu anavyotazama mzigo usio na anwani. "Nimekagua miaka kumi na tisa," alisema, "na wote hujua, hata waliokosea." Akaandika taratibu, akasoma kwa sauti anachoandika: "Ameingia mara tatu. Namna ya tatu haijulikani. Amefaulu."

Pacha walipiga kelele, ingawa Doto alionekana kama aliyenyang'anywa kitu. Kocha na Shemeji waliendelea kubishana hadi kwenye mlango wa kutokea, kila mmoja akimwonyesha mwenzake hatua aliyodai ni yake, na wote wawili wakikosea. Baba Pacha aliwapita na mkanda mpya begani, akamkuta Ngazi amekaa kwenye benchi akivaa soksi.

"Bwana mdogo," alimwambia kwa sauti ya chini, "wewe ulikuwa mbele yangu. Umeona. Hebu niambie, niliingiaje?"

Ngazi aliacha soksi nusu.

"Hata mimi, mzee," alisema, "nilikuwa nakusubiri wewe nikuulize."