Kaka alisema niko Dubai, akakodi shangazi wa kumtoa mwali wetu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Busia, upande wa Uganda. Sijaongeza chumvi, mwenye chumvi ni kaka yangu.

Mimi nauza gomesi sokoni, yale magauni ya heshima ya wanawake wa Uganda. Nina bipolar. Kwa wasiojua: kuna kipindi kichwa kinakimbia, silali, napanga kufungua maduka mpaka Kisumu. Halafu kuna kipindi hata kuoga ni kazi. Nilipata daktari Tororo, nameza dawa kila jioni, maisha yanaenda.

Tatizo langu sio bipolar. Tatizo langu ni Wandera.

Wandera ndiye kaka yangu mkubwa, clearing agent hapa mpakani. Anavusha lori zima la vitunguu kwa simu moja, lakini dada yake mmoja amemshinda. Nikicheka, "imeanza". Nikinyamaza, "imeanza". Siku moja nilipiga chafya tu, akamwangalia mkewe. Dawa zangu anasema ni za watu wasio na imani, na yeye anatembea na vidonge vya vidonda vya tumbo mfukoni. Sawa, daktari.

Sasa binti yake, Nafula, akapata mchumba, kijana wa Nabuyoga. Introduction, ile sherehe ya mchumba kuja kujitambulisha ukweni, ikapangwa nyumbani kwa Wandera, Masaba.

Kwetu mwali hatoki mbele ya wageni mpaka ashikwe mkono na shangazi yake, tunamwita senge. Senge wa Nafula ni mimi, hakuna mwingine. Huyo mtoto nimemfundisha mpaka kusuka nywele. Hiyo siku niliisubiri kuliko harusi yangu, ambayo nayo ilinishinda.

Wandera akaja kibandani kwangu.

"Dada, wewe pumzika tu. Wakwe wakijua kwetu kuna ugonjwa wa kichwa, watageuza gari."

"Na mtoto atatolewa na nani?"

"Nimeshapanga."

Kumbe amekodi senge! Wakuu, siku hizi wapo wa kukodi, wanapiga magoti vizuri kuliko wenye undugu. Na wakwe wataambiwa mimi niko Dubai.

Nililia, sifichi. Halafu nikapangusa uso nikaendelea kuuza, maana kipindi cha introduction gomesi zinatoka kweli.

Siku yenyewe niko kibandani, Nafula akapiga simu. Amejifungia chumbani.

"Senge, mimi sitoki. MC ametangaza uko Dubai, shangazi wa upande wa wakwe akasimama akauliza: Dubai gani? Hii gomesi niliyovaa ameniuzia juzi, tena tumebishana bei!"

Mnaona akili ya kaka? Amezaliwa Busia, amezeekea Busia, akasahau kwamba hapa kila mtu ni mteja wa mtu.

Nikaruka kwenye boda. Nilifika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Chini ya hema hakuna anayekula. Yule shangazi wa Nabuyoga akaniuliza mbele ya wote, "Mama, kwa nini wamekuficha?"

Jamani, hapo ufanyeje? Nikisema, ndoa ya Nafula inaweza kufa pale pale. Nikinyamaza, watadhani tunaficha uchawi.

Nikasema. "Nina ugonjwa unaitwa bipolar. Nameza dawa. Kaka anaona aibu."

Weee! Wandera alilipuka. Akamnyang'anya MC microphone, akapiga kelele nimemmaliza, akaitupa, akakalia kiti kikavunjika, akaanza kulia. Mzee mmoja wa Nabuyoga akamnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kufika jikoni: "Kumbe mgonjwa ndio huyu? Masikini. Leo hajameza?"

Shangazi wao hata hakucheka. Akaniuliza, "Hizo dawa unameza kila siku?"

"Kila jioni."

"Mimi za presha nasahau. Haya, nenda utuletee mtoto, joto linatuua."

Nikamtoa Nafula. Alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Senge wa kukodi alipiga vigelegele kuliko wote, professional ni professional.

Nafula ameshaolewa, ila Wandera hajanipigia mpaka leo. Inaniuma sana, wazazi hatuna, tumebaki wawili. Lakini nilichojifunza ni hiki: nilipoteza muda mwingi nikingoja kaka akubali kwamba huu ni ugonjwa kama mwingine, ndipo nijione mzima. Anaweza asikubali kamwe. Dawa nitameza, gomesi nitauza.

Wenye ndugu kama wangu, mnaishi nao vipi? Mwageni hapa. Wale wa "nenda ukaombewe", nimeshaombewa, na mke wa mchungaji ni mteja wangu.

Nikichelewa kujibu mnisamehe, Nafula anapiga. Huyu haniulizi kama nimemeza dawa. Anataka kunieleza mumewe anavyokoroma.