Unyayo Chini ya Ungo

Juzi, barazani Nyarero, mjane mmoja aliwaomba wazee wamkataze hawara wake wa zamani asimfuate tena kisimani, kanisani, hata dirishani kwake.

"Mama, si wewe uliyemkaribisha?" akauliza mzee mmoja. Wenzake wakacheka.

"Nilimkaribisha, baba, na nikamfukuza. Njooni muone nilichofunika."

Chini ya dirisha aliinua ungo. Palikuwa na unyayo wa katambuga, kiatu cha tairi, iliyokatika kisigino, umehifadhiwa kama unavyofunikwa wa mwizi wa ng'ombe hadi mwenyewe apatikane. Wazee wakainama, kicheko kikaisha.

"Huyu hapiti njia," akasema mzee yuleyule. "Anavizia. Mwiteni aje na katambuga zake."

Akaja nazo, moja ikalingana na unyayo, naye akapigwa marufuku kukanyaga upande wa kwa mjane.

Maneno ya mwanamke waliyacheka. Udongo wakauamini papo hapo. Dada zangu, mkienda barazani, tangulieni kununua ungo.