Bwana Mdogo na Nira ya Maksai

Oili chafu ya gari ina harufu nzito, na hapa Buseresere ninakoishi gereji zimejaa kando ya barabara. Wenzangu wakipita hapo huziba pua. Mimi harufu hiyo hunirudisha nyumbani kwetu Kishapu, kwenye shingo ya punda wetu, maana ndiyo dawa tuliyokuwa tukimpaka.

Tulimwita Bwana Mdogo. Baba alimnunua mnadani akiwa bado mchanga, masikio makubwa kuliko akili, baada ya mama kusema amechoka kubeba ndoo kutoka lamboni. Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe. Baba aliweza kumtazama ndama akakwambia atakuwa maksai wa namna gani, lakini punda hakuwahi kufuga, wala babu hakuwahi. Hakuona shida. Mnyama ni mnyama, alisema, akachukua nira ya zamani ya maksai, akaikata imtoshe mmoja, akamvika shingoni.

Nami nilimpenda, jamani. Nilimwibia mama michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, nikamlisha kiganjani. Alinifuata kila mahali. Nikiingia chooni alinisubiri mlangoni, na kaka zangu wakasema nimepata mchumba.

Mwanzoni alivuta mkokoteni wa madumu bila neno. Kisha tabia ikaharibika. Akiiona nira anarudi nyuma, akivikwa anarusha mateke, akifika kwenye kilima cha lambo analala chini na maji yetu yote. Siku moja alimng'ata baba begani, shati la kanisani likachanika. Majirani walikuja kucheka, wakabaki kushauri: mpigeni, hata maksai huanza hivyo. Tulimpiga. Nilipewa fimbo yangu na nikajiona mtu mzima. Kidonda kilipotokea juu ya shingo tulisema kimeletwa na ubishi wake, tukakipaka oili chafu ili nzi wasitue, tukarudisha nira palepale.

Mama alizungusha kitenge chakavu kama ngata, akanipa nikiweke chini ya nira. "Hata mimi ndoo siibebi kichwa kitupu," alisema.

Baba alikichomoa, akakipunga hewani. "Mama Kabula, tangu lini ng'ombe akavaa kitenge?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Baba hakuwa mtu wa utani, na alipotania nilitaka kuwa upande wake. Mama alikikunja kitenge chake akarudi jikoni.

Kumvika nira kukawa vita, kwa hiyo kazi ya kumwita nikapewa mimi. Nilisimama na michembe kiganjani, baba amejibanza pembeni na nira. Na Bwana Mdogo alikuja. Alijua kinachomngoja, lakini nilipomwita alikuja.

Wakati huo lori la wanunuzi wa punda wa machinjioni lilikuwa likipita vijijini. Baba akasema akigoma tena, anaondoka nalo. Jioni ile nilimshika masikio nikamsihi: "Vuta tu, Bwana Mdogo. Vuta kidogo tu." Kesho yake alilala kilimani. Nilimpiga kuliko siku zote, nikilia, kwa sababu nilitaka abaki.

Lori lilipofika, baba alitundika nira ukutani, akanipa kamba. Bwana Mdogo alitembea nami hadi barabarani, pua yake ikinigusa mkono, akapanda ubao wa lori bila hata teke moja.

Baba alitikisa kichwa. "Umeona, ng'wana wane? Kumbe adabu anaijua."

Nilimwamini. Nilimkasirikia yule punda kabisa: kama aliweza, kwa nini hakufanya hivyo mapema? Michembe iliyobaki niliila mwenyewe njiani.

Hapa Buseresere punda wanavuta viroba vya mawe kutoka mashimo ya wachimba dhahabu. Niliwaona siku nyingi bila kuwaangalia. Mwaka huu, nikisubiri bodaboda mbele ya gereji, mmoja alisimama karibu yangu. Alikuwa amefungwa mkanda mpana kifuani, umeshonewa blanketi kwa ndani. Shingo yake ilikuwa tupu. Maksai ana nundu ya kuegemeza nira. Punda hana. Sisi tuliweka mti juu ya mfupa, tukampiga kwa kuumia. Niliketi juu ya tairi bovu.

Nilimpigia baba. Baada ya shikamoo nilimweleza yote. Nilisikia kengele za ng'ombe nyuma yake.

"Mama yako alisema," alijibu mwishowe. Kisha, kama anayetafuta pa kujishikiza: "Lakini mbona siku ya lori alitembea vizuri?"

"Siku ile nira tuliiacha ukutani, baba."